Dang'a ni Haki ya Ndama

Ndama anapokufa akiwa na umri wa majuma mawili, mwenyewe hutafuta sababu katika mambo ya siku zile zile. Husema ya kuwa baridi ya usiku ilimpata, au kwamba mtoto aliyemnywesha alimpa maziwa mengi mno, au kwamba zizi lilikuwa na matope. Na wako wanaomtazama jirani kwa jicho la shaka. Baadhi ya sababu hizo zina ukweli ndani yake, maana baridi na matope havijamfaa ndama yeyote hata siku moja. Lakini mara nyingi kifo kile chanzo chake ni cha mapema zaidi, ile siku ndama alipozaliwa, wakati watu wote wa nyumbani walipokuwa wakifurahi na hapana aliyefikiri habari za kifo. Ndama hakupewa dang'a, au alipewa kidogo, au alipewa baada ya wakati wake kupita.

Dang'a ni yale maziwa ya kwanza kabisa yatokayo kiweleni mara ng'ombe akiisha kuzaa. Hapana mfugaji asiyeyajua: ni mazito, rangi yake ni ya manjano, yananata vidoleni, na yakichemshwa huganda. Kuyajua, hata hivyo, si sawa na kuyaheshimu. Katika boma moja humwagwa chini kwa kudhaniwa ya kuwa ni uchafu uliolala kiweleni miezi yote ya mimba. Katika boma la pili hupikwa yakaliwa na watoto, nao hawasahau utamu wake. Katika boma la tatu hupewa mbwa. Na wenye maboma yote matatu wakiulizwa, kila mmoja atajibu kwamba anampenda ndama wake.

Yafaa basi kueleza kilichomo ndani ya dang'a hata ikawa na thamani kubwa namna hiyo. Maziwa ya kawaida ya ng'ombe ni maji kwa sehemu kubwa: katika kila sehemu 100, sehemu kama 87 ni maji, na zile 13 zilizobaki ndizo mafuta, protini, sukari na madini. Dang'a ya ukamaji wa kwanza ina karibu sehemu 24 za vitu hivyo. Protini, ambayo katika maziwa ya kawaida huzidi sehemu 3 kidogo tu, katika dang'a hufika kama 14. Mafuta nayo ni mengi zaidi, na kwa ndama aliyezaliwa amelowa katika baridi ya Kinangop au Limuru, mafuta hayo ni kama kuni katika meko. Vitamini A imo kwa wingi. Ile rangi ya manjano yatokana na karotini, kitu kile kile kiipacho karoti rangi yake; ndiyo sababu ng'ombe aliyelishwa majani makavu tupu katika kiangazi hutoa dang'a iliyopauka. Tena dang'a hulainisha tumbo, hata ndama akatoa kile kinyesi kizito kinachonata alichozaliwa nacho.

Lakini hayo yote ni chakula, na chakula chaweza kupatikana kwingine. Kisichopatikana kwingine ni kingamwili, nazo ndizo zilizo sehemu kubwa ya ile protini.

Kila ng'ombe aliyekaa mahali kwa muda amepambana na vijidudu vya mahali pale: vya zizini, vya mtoni, vya malishoni. Katika mapambano hayo mwili wake hutengeneza kingamwili, nazo ni mfano wa askari waliofundishwa kumtambua adui kwa sura yake. Majuma machache kabla ya kuzaa, mwili wa ng'ombe huanza kuwatoa askari hao katika damu na kuwakusanya kiweleni. Mwenye kuona kiwele kinavimba hufikiri juu ya maziwa atakayouza. Kumbe kiwele wakati ule ni kama ghala ya silaha inayojazwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, ambaye hajazaliwa bado.

Msomaji aliye mzazi huenda akauliza kwa nini mambo ya ndama yawe ya haraka kuliko ya mtoto wa binadamu. Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili za mama yake kwa njia ya kondo la nyuma akiwa angali tumboni, hasa katika miezi ya mwisho, naye huzaliwa akiwa na akiba katika damu yake. (Haina maana kwamba dang'a ya mama si kitu, Shirika la Afya Duniani hushauri mtoto anyonyeshwe katika saa ile ya kwanza ya kuzaliwa.) Ng'ombe hakuumbwa hivyo. Kondo lake lina tabaka nyingi zaidi baina ya damu ya mama na damu ya mtoto, na kingamwili haziwezi kupenya. Kwa hiyo ndama huanguka duniani akiwa mzima, mwenye moyo imara na miguu minne iliyo tayari kusimama, lakini damu yake ni kama mji usio na askari hata mmoja langoni. Hali ni hiyo hiyo kwa mwana-kondoo, mwana-mbuzi, mtoto wa nguruwe, na hata mtoto wa farasi.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1892 Paul Ehrlich wa Ujerumani alionyesha kwa kutumia panya ya kuwa kinga yaweza kutoka kwa mama na kumfikia mtoto kwa njia ya maziwa. Mwaka 1922 Theobald Smith na Ralph Little, waliokuwa wakifanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller huko Princeton, Marekani, walitangaza habari za ndama waliogawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata dang'a, na la pili likanyimwa. Waliopata waliishi. Katika wale walionyimwa, wengi walikufa, na viini vya kawaida vya matumboni vikakutwa vimeenea katika miili yao. Viini hivyo havikuwa vya maradhi ya ajabu yaliyotoka mbali. Vilikuwa ni vile vile ambavyo kila ndama huvimeza zizini, na ndama mwenye kinga huvimeza akaendelea kuruka-ruka.

Hapo ndipo ilipo shida ya kumfahamisha mfugaji. Akiona ndama mmoja amekufa na wa jirani amepona, ilhali wote wawili walilala katika zizi la namna moja na kunywa maji ya mto mmoja, hudhani ya kuwa ni bahati. Tofauti yao yaweza kuwa lita mbili za dang'a zilizonywewa au zilizomwagwa majuma mawili kabla, na lita hizo hakuna aliyeziandika popote.

Lipo jambo la pili, nalo ndilo linalowaponza wengi, hata wale wasiomwaga dang'a. Matumbo ya mnyama aliyekua huvunja protini vipande vipande kabla ya kuipokea, kama jiwe la kusagia livunjavyo mahindi, na kingamwili iliyovunjwa haina kazi tena. Lakini matumbo ya ndama aliyezaliwa leo huzipokea kingamwili zikiwa nzima na kuzipitisha hata zikaingia damuni. Mlango huo hauko wazi kwa muda mrefu. Huwa wazi kabisa katika saa za kwanza. Saa 6 zikipita umekwisha kuanza kufungwa kwa haraka. Na saa 24 zikitimia, umefungwa wala hautafunguliwa tena maisha yake yote. Ndama atakayepewa ndoo nzima ya dang'a siku ya pili atashiba, na ukuta wa matumbo yake utapata ulinzi kidogo kwa ndani, lakini damu yake haitapata kitu.

Tena mlango ulio wazi kwa askari u wazi kwa adui pia. Ndama anayeachwa saa nyingi bila kunyonya hatulii. Hulamba ukuta, hulamba mguu wa mama yake uliojaa samadi, hunyonya chochote kinachofika kinywani mwake. Viini vikitangulia kuingia, dang'a ikija baadaye hukuta nyumba imekwisha kutekwa. Kwa hiyo kiwele na chuchu havina budi kuoshwa kwa maji safi na kupanguswa kabla ndama hajasogezwa, na ng'ombe anayekaribia kuzaa ahamishiwe mahali pakavu penye majani mapya ya kulalia.

Katika sehemu nyingi wamo wafugaji wanaoamini ya kuwa ndama asinyonye mpaka kondo la nyuma litoke, ati akinyonya mapema kondo litakataa kutoka. Neno hili limerithiwa kwa wazee na husemwa kwa nia njema, wala haifai kulicheka. Lakini ukweli ni kinyume chake. Ndama anapovuta chuchu, mwili wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo huteremsha maziwa. Na homoni hiyo hiyo huufanya mji wa mimba ujikaze. Kunyonya kwa ndama, basi, husaidia kondo kutoka. Kwa kawaida kondo hutoka katika saa 12 baada ya kuzaa, na mara nyingine hukawia kuliko hapo. Mfugaji anayeketi akilingojea, ilhali ndama amefungwa pembeni akilia, anangoja huku mlango ukifungwa mbele ya macho yake.

Na kuna habari ya usiku. Ng'ombe akizaa saa 3 za usiku, watu hutoka na taa, hutazama kama ndama ni jike au dume, humpangusa kwa majani, humshukuru Mungu, kisha hurudi kulala wakisema kwamba kukama ni kazi ya alfajiri. Itakapofika saa 12 za asubuhi, saa 9 zitakuwa zimepita. Nyumba nyingine humwacha ndama na mama yake na kutumaini ya kuwa atajitafutia mwenyewe. Kwa ng'ombe wetu wa asili tumaini hilo si baya, kwa sababu kiwele chao ni kidogo na kimeinuka, na ndama wao ni hodari wa kusimama. Ng'ombe wa gredi mwenye kiwele kikubwa kilicholegea ni jambo jingine. Ndama kwa maumbile hutafuta chuchu juu, karibu na kifua na mapaja ya mama yake, na chuchu zenyewe ziko chini karibu na magoti. Asubuhi ndama hukutwa amelala kimya, na watu husema ameshiba. Pengine amechoka kutafuta.

Yafaa kukumbuka jinsi shida hii ilivyoingia katika boma la mfugaji mdogo wa Kenya. Zamani ndama alikaa na mama yake, naye mwenye ng'ombe alikama kidogo tu kilichosalia. Katika nyakati za ukoloni Waafrika walizuiliwa kwa muda mrefu kufuga ng'ombe wa kizungu katika sehemu zao. Kituo cha kupandisha ng'ombe kwa mirija kilianzishwa Kabete mwaka 1946, na Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia wakulima wengi wa milimani njia ya kupata ng'ombe wa gredi pamoja na mazao ya kuuza kama kahawa. Baadaye shamba likawa dogo, ng'ombe akafungiwa bandani, majani ya matende yakakatwa na kuletwa mlangoni kwake, na ndama akatengwa na mama yake ili kila kikombe cha maziwa kipimwe. Maendeleo hayo yamesomesha watoto wengi, wala hapana mwenye akili atakayetaka kurudi nyuma. Lakini kazi ambayo zamani ilifanywa na ndama mwenyewe pamoja na mama yake, sasa imewekwa mikononi mwa mtu. Na mtu, tofauti na ng'ombe, husahau.

Hasara yake ni kubwa kuliko bei ya ndama. Mwenye ng'ombe mmoja au wawili amelipia mbegu, amengoja miezi 9 ya mimba, na ndama jike akizaliwa ndiye ng'ombe wa kesho. Mtamba aliyetunzwa vyema huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka miwili na zaidi kidogo, na katika mashamba mengi madogo hufika karibu mitatu. Ndama huyo akifa, miaka hiyo haina budi kuanzwa upya, na huenda ng'ombe akazaa madume mawili kwa mfululizo kabla ya kuleta jike jingine. Mkopo wa chama, karo ya shule, na maziwa ya chai ya nyumbani, vyote vilikuwa vimetundikwa juu ya shingo ya mnyama yule mwembamba. Hata yule asiyekufa, akiwa alipungukiwa na dang'a, huugua mara kwa mara, hukua polepole, na hulipa kidogo. Watafiti wa Marekani walitangaza mwaka 2005 habari za mitamba wa Brown Swiss ambao baadhi yao walipewa lita 4 za dang'a walipozaliwa na wengine lita 2. Wale wa lita 4 walitoa maziwa mengi zaidi katika vipindi vyao viwili vya kwanza vya kukamwa.

Huenda mtu akasema ya kuwa maziwa ni fedha, naye hawezi kumpa ndama yote. Kwa habari ya dang'a neno hilo halina nguvu hata kidogo. Kiwanda na chama cha ushirika havipokei maziwa yenye dang'a, kwa sababu huganda yanapochemshwa na huharibu maziwa mengine yote katika mtungi. Mwenye kuichanganya kwa siri atarudishiwa mtungi mzima, na jina lake litaandikwa vibaya. Dang'a haina mnunuzi mwenye haki ila mmoja, naye hulipa baada ya miaka mitatu.

Kiasi apewacho ndama ni sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Ndama wa Friesian mwenye kilo 40 apewe lita 4. Wa Jersey mwenye kilo 25 apewe lita mbili na nusu. Wa ng'ombe wa asili mwenye kilo 20 zamtosha lita 2. Kiasi hicho kimfikie katika saa mbili za kwanza ikiwezekana, na kwa vyovyote kabla ya saa 6, kisha apewe tena, kama nusu ya kiasi kile, kabla ya saa 12 kutimia. Ndama dhaifu asiyeweza kumaliza kwa mara moja agawiwe mara mbili au tatu katika saa hizo hizo. Iwe na joto la mwili, kama ilivyotoka kiweleni. Chupa yenye chuchu ya mpira ni bora kuliko ndoo kwa siku ya kwanza, maana mtu huona kiasi kilichoingia. Kumfungua ndama kinywa na kumiminia kwa nguvu ni hatari, kwa kuwa dang'a huweza kuingia mapafuni. Daktari wa mifugo ana mpira wa kupitishia hadi tumboni, lakini mpira huo si wa mtu ambaye hakufundishwa kuutumia.

Ukamaji wa kwanza ndio wenye nguvu. Wa pili umepungua sana, na siku ya tatu au ya nne maziwa yamekaribia kuwa ya kawaida. Kwa sababu hiyo dang'a ya kwanza isichanganywe na ya baadaye na kupewa ndama kama kitu kimoja. Hizo za siku zifuatazo zisitupwe. Ndama aendelee kuzinywa hata zitakapokwisha.

Ubora wa dang'a hautambuliwi kwa macho tu, ijapokuwa iliyo nyepesi kama maji au yenye damu hushukiwa na kila mtu. Vipo vipimo. Kimoja huelea katika dang'a na kuonyesha uzito wake. Kingine ni kile kioo kidogo kiitwacho refraktometa, ambacho hutiwa tone moja na kutazamwa kwenye mwanga. Kikionyesha 22 au zaidi katika kipimo cha Brix, dang'a hiyo ni nzuri, yaani ina kadiri ya gramu 50 za kingamwili katika kila lita. Chama cha ushirika chenye kifaa kimoja tu cha namna hiyo chaweza kuwasaidia wanachama wengi, nacho hakimalizi fedha za chama.

Dang'a njema, lakini, hutengenezwa kabla ya siku ya kuzaa. Ng'ombe anayekamwa mpaka juma la mwisho hana nafasi ya kukusanya kitu. Imempasa aachwe akauke siku 60 kabla ya kuzaa, alishwe vizuri, apewe chumvi ya madini na maji ya kutosha. Ng'ombe ambaye maziwa yake hudondoka yenyewe kabla ya kuzaa anapoteza dang'a katika majani, na ndama wake atahitaji msaada wa ng'ombe mwingine. Mtamba azaaye kwa mara ya kwanza mara nyingi ana kingamwili chache kuliko ng'ombe mzee aliyekwisha kupambana na mengi. Hata hivyo dang'a yake isidharauliwe.

Lipo kosa moja la sokoni ambalo wengi hawalitambui. Mnunuzi hupenda ng'ombe mwenye mimba kubwa, kwa kuwa maziwa yake yako karibu. Humtoa Eldoret au Naivasha, akampeleka Kakamega au Machakos, na baada ya siku kumi ng'ombe anazaa. Dang'a yake imejaa askari, lakini ni askari waliofundishwa kuwatambua maadui wa Naivasha. Ndama anazaliwa kati ya vijidudu vya Machakos. Ni heri ng'ombe afike mahali papya miezi miwili kabla ya kuzaa, mwili wake upate muda wa kuyajua maradhi ya pale.

Wanyama wengine wasisahauliwe. Mwana-mbuzi au mwana-kondoo hutakiwa kupata mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake katika unyonyaji wa kwanza. Na mbuzi akizaa watatu, yule mdogo husukumwa kando na ndugu zake, hivyo lazima ashikwe na kuwekwa kwenye chuchu kwa mkono. Watoto wa nguruwe ni vivyo hivyo: wazaliwao mwisho hukuta chuchu zote zina wenyewe. Miongoni mwa wafugaji wa ngamia wamo wanaomzuia ndama asinywe dang'a nyingi kwa kuogopa kwamba itamharisha, ilhali kuhara kule wanakokuogopa ndiko dang'a iliwekwa kukuzuia. Kuku ndiye aliyekwepa shida zote hizi, kwa maana huweka kingamwili ndani ya kiini cha yai, na kifaranga huanguliwa akiwa amekwisha kula urithi wake.

Tahadhari nazo zipo. Maradhi ya kutupa mimba yaitwayo brusela huweza kuwamo katika maziwa, na kwa hiyo mtu asinywe dang'a mbichi, hata kama babu zake walikunywa. Mbuzi wana ugonjwa wa virusi unaovimbisha viungo, nao hupita kwa mtoto kwa njia ya dang'a. Kuichemsha si dawa kwa ndama, kwa kuwa kingamwili huharibika kwa joto kali. Katika mashamba yenye vyombo vya kupimia, hupashwa joto la digrii 60 kwa muda wa saa moja, wala haipandishwi zaidi ya hapo. Wala dang'a isidhaniwe kuwa kinga ya kila kitu. Haichukui mahali pa josho, maana kupe wa ndigana kali hamwogopi ndama aliyeshiba. Wala haizibi kitovu kibichi, ambacho chapasa kutiwa dawa ya iodini mara tu ndama azaliwapo.

Inabaki habari ya ndama ambaye mama yake amekufa katika kuzaa, au amezaa bila maziwa. Watu wema humpa maziwa ya kawaida yaliyotiwa yai na mafuta kidogo, na chakula hicho chaweza kumshibisha, lakini hakina kingamwili za ng'ombe hata moja. Msaada wake ni dang'a ya ng'ombe mwingine, na bora awe wa zizi lile lile au la jirani, aliyeishi kati ya vijidudu vile vile. Ng'ombe mkubwa wa gredi mara nyingi hutoa dang'a inayozidi mahitaji ya ndama wake. Kilichozidi katika ukamaji wa kwanza chaweza kutiwa katika chupa safi za lita moja, kuandikwa tarehe, na kuwekwa katika friza, ambamo hukaa hata mwaka mzima bila kupoteza nguvu. Siku ya haja chupa huwekwa katika maji ya uvuguvugu, yasiyozidi digrii 50, mpaka iyeyuke. Isiwekwe motoni kamwe. Wasio na friza nyumbani waweza kupatana na mwenye duka la nyama au na chama chao, ili chupa mbili tatu ziwe mahali panapojulikana na kila mtu wa kijiji, na mwenye ufunguo akubali kuamshwa usiku.